Wapimaji wa mahindi kwa setilaiti, njooni mmenye

Ndugu Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu setilaiti zinazotabiri mavuno ya mahindi wiki kadhaa kabla ya kuvuna nimeisoma mara mbili. Sijawahi kuandika gazetini, ila hii imenigusa penye kidonda.

Sipingi sayansi. Mwandishi ameeleza vizuri kwamba jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi ule wa infraredi, ambao jicho haliuoni, na kwa kulinganisha miwili hiyo wataalamu hupima ukijani wa shamba. Lakini kinachopimwa hapo ni majani, na gunia halijazwi majani.

Miaka mitatu iliyopita tulikata bima ya mazao kupitia chama chetu hapa Mbozi, fidia ikitegemea picha hizo hizo. Februari, mahindi ndiyo kwanza yanatoa ndevu, mvua ikakata siku 19. Ndevu zikakauka bila kupata unga wa mbelewele, lile ua la juu ya mhindi, na bila unga huo punje hazitungi. Mvua iliporudi shamba likanawiri: mahindi yenyewe, maharage niliyochanganya humo, na magugu ambayo sikuwa na nguvu ya kuyapalilia tena. Kutoka juu kote kijani. Nilipomenya nikakuta hindi lina punje 7, jingine 11, jingine gunzi tupu. Ekari tatu zikanipa magunia manne! Jibu la kampuni lilikuwa mstari mmoja: eneo lenu halikuathirika. Tukauza mbuzi wawili mtoto asikose shule.

Na hata utabiri ukiwa sahihi, sisi huupata mwisho. Wanunuzi hujua mapema kwamba mwaka ni wa neema, bei inashuka mahindi yakiwa bado shambani, kisha wanatujia na lumbesa ile ile, gunia la kujazwa kupita kipimo, iliyopigwa marufuku, na mwenye jukumu la kuizuia amesimama pembeni anatazama. Hilo nalo liandikeni.

Ombi langu ni hili. Wiki ya tatu baada ya mahindi kutoa ndevu, afisa ugani aingie mashamba 10 kila kijiji, amenye mahindi 20 katikati ya shamba, si kandokando ya barabara, ahesabu punje, na hesabu hiyo ifike kwa wenye setilaiti kabla hawajatangaza lolote. Utabiri ukitoka, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata siku ile ile unapowafikia wanunuzi.

Mkulima,
Mbozi, Songwe