Barua ya kufunga muhula: ukucha wa gumba la kushoto uacheni

Yangon, mvua zikikatika

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam nyingi kutoka shule yetu ya muziki. Tunafunga Ijumaa hii, siku chache kabla ya mwezi mpevu wa Thadingyut, sikukuu ya taa. Paa la darasa la kwaya halivuji tena, na hilo ni kazi ya akina baba waliopanda juu na mabati Jumamosi mbili mfululizo. Mlioleta mabati, mlioleta misumari, na mama aliyewapikia mafundi mohinga, tambi za mchuzi wa samaki, asubuhi zote mbili, pokeeni shukrani zetu, maana malipo mengine hatuna. Shule hii haimtajirishi mtu. Karo ya anayeweza ndiyo inayomsomesha asiyeweza, na ikipungua tunabisha hodi kwa wasamaria wema.

Lililonifanya niandike kwa urefu mara hii ni jambo moja. Muhula huu wazazi kadhaa wamekuja ofisini, kila mmoja kwa wakati wake, kuniomba nimtoe mtoto kwenye darasa la muziki wa Kiburma ili apate muda zaidi wa piano au fidla. Nawaelewa. Mtihani wa piano una cheti, na cheti hicho mtoto anaweza kwenda nacho Bangkok au Singapore kikatambulika. Kinubi chetu cha Kiburma, saung, hakimpi karatasi ya namna hiyo. Nimewasikiliza wote, na wote nimewakatalia. Ni haki yenu kujua kwa nini.

Kila mtoto anayeingia hapa, hata aliyekuja kwa ajili ya fidla tu, anaanza kwa kushika mkono mmoja vitoazi vidogo viitwavyo “si”, na mkono wa pili kibao cha kugonga kiitwacho “wa”, huku anaimba. Pigo zito, lile la “wa”, linakuja mwishoni mwa mzunguko. Mtoto aliyezoea kuhesabu moja-mbili-tatu-nne na kukanyagia kwenye moja anapotea wiki mbili tatu za mwanzo. Halafu siku moja hapotei tena. Mwalimu wetu wa fidla, ambaye kinubi hajawahi kukishika, ndiye aliyekuja kuniambia kwamba watoto waliolelewa na “si” na “wa” hawakimbizi mdundo wakikaa kwenye okestra. Wanajua kusubiri.

Kisha kuna suala la sikio. Tunazo noti saba kama wenzetu wa Magharibi, ila hatua baina yake hazilingani na za piano. Maneno ya nyimbo za Mahagita, yaani nyimbo zetu za kale za kasri, yameandikwa vitabuni, lakini wimbo wenyewe mwanafunzi anaupata kinywani mwa mwalimu: mwalimu anaimba, yeye anarudia, hadi unakaa kifuani. Mwaka 1885 Waingereza walipomwondoa Mfalme Thibaw katika kasri la Mandalay, wanamuziki wa kasri walibaki bila wa kuwatunza. Nyimbo hazikupotea kwa sababu walikuwa nazo vifuani na walikuwa na wanafunzi. Nikimtoa mwanao darasani leo, mnyororo huo nimeukata mimi kwa mkono wangu, na siwezi.

Na hata huko kusema piano ni ya wageni na kinubi ni chetu, si kweli kamili. Piano iliingia kasrini karne ya 19, na mafundi wa hapa wakaifundisha lugha yetu. Ndiyo sandaya tunayofundisha chumba cha nyuma. Mikono miwili inagawana wimbo mmoja, mithili ya vijiti viwili juu ya marimba ya pattala. Mtoto anayepiga Bach asubuhi na sandaya jioni hachanganyikiwi, kama vile mtoto mwenye lugha mbili asivyochanganyikiwa nyumbani kwa bibi yake.

Sasa habari ya ukucha. Mwezi uliopita binti mmoja, umri miaka 11, alikuja ofisini analia. Sayama (mwalimu wa kike) wa piano amemwambia akate kucha zote, sayama wa kinubi amemwambia asithubutu. Nikawaita wote wawili, tukakaa sakafuni, binti akapakata saung. Kwenye kinubi chetu mkono wa kulia unadonoa nyuzi kwa nje, na ukucha wa gumba la kushoto unausukuma uzi kwa ndani ili sauti ipande. Akapiga kwanza kwa nyama ya kidole: sauti ikafifia palepale. Akapiga kwa ukucha: ikapanda, safi, ikadumu. Sayama wa piano alinyamaza, akaomba aisikie tena. Kisha wakaenda wote watatu kwenye piano, na yeye mwenyewe akamwonyesha binti jinsi ya kulalisha gumba kwa ubavu ili ukucha usigonge. Wamekubaliana urefu wake: unene wa punje ya mchele, usizidi. Kwa hiyo likizo hii mkiwakata watoto wa kinubi kucha, kateni tisa. Wa gumba la kushoto uacheni.

Mazoezi ya likizo. Mgao wa umeme najua unawaumiza, na wenye vinanda vya umeme nyumbani hukaa jioni nzima bila kupiga. Mtoto aimbe gizani akiwa na “si” na “wa” mikononi. Anayekosea mtamsikia hata nyinyi. Vinubi mlivyoazimwa msivianike juani hata kama ngozi imelegea kwa unyevu. Viwekeni ndani, mbali na jiko. Na kundi la hsaing, wapiga ngoma na gongo wetu, linaomba wali: ngoma 21 za pat waing, zile zilizopangwa kwa duara, zinatiwa sauti kwa bandiko la wali na majivu, na kila mara zinahitaji bandiko jipya.

Alhamisi saa tatu asubuhi tunafanya gadaw, ibada ya kuwaheshimu walimu. Watoto watawapigia walimu magoti, na mbele ya ngoma tutaweka nazi na chane za ndizi, kama desturi. Familia za Kikristo na Kiislamu, watoto wenu wanakaribishwa kusimama tu pamoja na wenzao. Hakuna atakayelazimishwa kuinama. Nusu ya sauti za kwaya yetu zimelelewa makanisani, na shule hii ni yao pia.

Tunafungua Jumatatu ya kwanza baada ya Tazaungdaing, sikukuu ya mwezi mpevu unaofuata. Ambaye karo imemshinda, tafadhali aje tuzungumze kabla ya kufungua. Muhula huu watoto wawili walikaa nyumbani wiki tatu kwa sababu wazazi waliona haya kuniambia, na ziliniuma sana wiki hizo. Nitakuwa ofisini kila asubuhi ya likizo, isipokuwa siku ya mwezi mpevu.

Wenu,
Mwalimu Mkuu