Salamu za Krismasi 2024, na neno juu ya mwito

Wapendwa katika Bwana,

Nawasalimu nyote katika jina kuu la Yesu Kristo, Mwokozi wetu. Bwana asifiwe! Kwa neema yake tumefika Desemba. Kwa niaba ya familia yangu, wazee wa kanisa, akina mama, vijana na walimu wa shule ya Jumapili, nawatakia Krismasi njema yenye amani, na mwaka mpya wa 2025 uwe wa afya, riziki na baraka tele. Mnaosafiri, Mungu awafikishe salama na awarudishe salama. Mnaobaki Nairobi, nyumba zenu zisikose chakula wala kicheko.

Hizo ndizo salamu za kila mwaka, na nazitoa kwa moyo wangu wote. Lakini mwaka huu siwezi kuishia hapo.

Mwaka huu umetuumiza. Mwezi wa Aprili Mto Mathare ulifurika usiku ukabeba nyumba, vitanda na watu, na baada ya maji wakaja tingatinga wakamaliza vibanda vilivyosalia kando ya mto. Wengine wenu mlilala kwenye ukumbi wetu na watoto mpaka mkapata pa kuanzia tena. Kisha ikaja tarehe 25 Juni, siku ya maandamano ya vijana dhidi ya kodi mpya. Mswada wa fedha uliondolewa kesho yake, lakini kuna vijana ambao hawakurudi nyumbani, na kuna wazazi ndani ya ibada zetu ambao hadi leo mlango ukigongwa usiku wanashtuka. Wenye kazi ya mshahara nao wanahesabu makato: asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, na tangu Oktoba asilimia 2.75 ya bima ya afya. Nauli imepanda vile inavyopanda kila Desemba, na wengi mmeniambia mwaka huu hamwendi ushago, mtatuma kitu kidogo kwa simu. Msione haya. Wazee kule wanajua.

Wiki iliyopita nilipita Kamukunji, kwa mafundi wa bati hapa Nairobi, mahali nilipokulia kikazi. Mnaonijua mnajua kwamba kabla ya kanzu nilishika nyundo. Desemba kwa fundi wa masanduku ndiyo mavuno ya mwaka mzima, maana Januari watoto wa kidato cha kwanza lazima wawe na sanduku la bati na kufuli yake. Safari hii hakuna. Darasa la mwisho la KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, lilifanya mtihani 2023, na watoto walio nyuma yao, wa mtaala mpya, wanaingia gredi ya tisa hapo hapo walipo. Hakuna anayekwenda bweni mwezi ujao kuanza kidato cha kwanza. Rafiki yangu mmoja alinionyesha rundo la bati ambalo hajalikata akasema, "Pasta, Krismasi yangu imelala hapo." Niliomba naye. Nilipoondoka niligundua kwamba nilikuwa nikitafuta kwa macho mahali alipokuwa akikaa mama yetu na sufuria zake.

Mnamjua ninayemsema. Alikuwa akikaa kiti cha tatu upande wa dirisha. Alitutoka mwezi wa Mei baada ya kuugua, na hii ndiyo Krismasi yetu ya kwanza bila yeye. Wengi mlimfahamu kama mzee wa ushirika. Mimi nilimfahamu kama mwuza githeri, mahindi na maharage, pale Kamukunji.

Alikuwa mtoto wa uamsho wa kanisa, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda ukaingia Kenya mwaka 1937. Wazazi wake waliokoka humo, naye akalelewa katika kutembea nuruni: kusema lililo moyoni mbele ya ndugu, kutubu kwa jina la jambo lenyewe, kutolala na neno juu ya mtu. Pale Kamukunji kelele za nyundo hazikuruhusu mahubiri, na hakuhubiri. Saa sita alikuwa akinipa sahani yangu, anauliza, "Jumapili utakuja?" Nikisema sijui, anasema, "Haya," anaenda kwa mwingine. Chakula alinikopesha kazi ilipokuwa mbaya, na deni alinidai mpaka shilingi ya mwisho. Hakunifutia hata siku moja ili nije kanisani. Hilo lilinifanya nimwamini. Pale bustani ya Jeevanjee mjini nilikuwa nimewasikia wahubiri wengi wa saa ya chakula cha mchana, watu wazuri wenye sauti kali, na sikusimama. Kwake nilisimama, kwa sababu alijua jina langu, la mama yangu, na jino lililokuwa likiniuma.

Nilipompokea Yesu hakukuwa na radi. Ilikuwa katika ushirika wa jioni nyumbani kwao, watu wachache, chai ya maziwa, mzee mmoja akishuhudia jinsi alivyorudisha ng'ombe wa jirani aliyekuwa amemficha. Nilisikia moyoni kwamba Mungu anayemfanya mtu arudishe ng'ombe yupo kweli. Nikasimama nikasema nataka kuokoka. Wakaimba, nikalia.

Mwito nao ulikuja hivyo hivyo, kupitia kwake. Alianza kunituma. "Kuna kijana pale kwa wanaochomelea, amefiwa na baba, nenda ukae naye." Nilikwenda nikakaa. Mwingine alikuwa korokoroni, mwingine mkewe amejifungua mtoto mfu. Sikuwa na maneno ya kuwapa, nilikaa tu. Mchungaji wetu wa wakati ule aliponiuliza kama nimesikia Mungu akiniita, nilimwambia sijasikia sauti yoyote. Mama alikuwepo. Akasema, "Samweli naye alipoitwa na Mungu alidhani ni Eli," akaendelea kukunja kanga yake.

Baraza la parokia lilinihoji, dayosisi ikanihoji, ikapita miaka kabla sijakwenda Limuru kusomea uchungaji. Mafundi wenzangu walinichangia blanketi mbili nzito kwa ajili ya baridi ya kule. Chuo kile cha St. Paul's kilianza mwaka 1903 Frere Town, Mombasa, katika kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani, kikahamia Limuru 1930. Nilipojifunza hilo nilishukuru sana. Waliofundishwa injili pale mwanzo ni watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, waliopoteza wazazi na makwao. Na kabla yao mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Imani tuliyoirithi nchi hii ilipandwa na watu waliokuwa kwenye matanga. Kwa hiyo ndugu uliyefiwa mwaka huu, usidhani huzuni yako inakutoa katika Krismasi. Njoo nayo.

Sasa niseme na vijana wanaoniandikia wakiuliza, "Nitajuaje kwamba nimeitwa?" Wengine mnaniambia mmeota, wengine mmetabiriwa. Sidharau ndoto; Yusufu, mume wa Mariamu, aliokoa mtoto kwa ndoto. Lakini nawauliza: ni nani anayekuita akiwa na njaa? Mgonjwa gani hulala vizuri zaidi kwa sababu ulipita kwake? Kama hakuna hata mmoja, anza hapo kabla ya kununua suti na kipaza sauti. Madhabahu si njia ya kutoka Eastlands. Mwezi uliopita Askofu Mkuu Philip Anyolo alirudisha fedha alizotoa Rais katika kanisa la Soweto hapa Nairobi, na ndugu zetu Wakatoliki wametufundisha sote jambo. Vijana wetu mwaka huu walisema waziwazi kwamba mimbari imeuzwa. Ilituuma kwa sababu tuliwajua wanaosema. Ni wale tuliowabatiza. Mchungaji akimshukuru mwanasiasa kwa bahasha mbele ya mama ambaye mwanawe hajapatikana, amechunga nini? Tutubu, na tuanze sisi tulio mbele.

Na ninyi wazazi, vijana wamekaa ukutani nje ya kanisa wakati wa ibada, mnawaona. Msiwapite. Msianze na nywele zao wala suruali. Mwulize jina, mwulize amekula nini, na Jumapili ijayo muulize tena. Akisema sijui, sema "haya" na umrudie. Mungu alimtuma Mwanawe akalazwa horini, mbali na nyumbani, kukiwa na amri ya serikali ya kuhesabu watu, na waliopewa habari kwanza ni watu wa zamu ya usiku. Kama mlinzi wa lango lako hajasikia kutoka kwako kwamba Mwokozi amezaliwa, Krismasi bado haijafika kwako hata ukichinja mbuzi watatu. Twende kwao! Twende kabla hawajaamua kwamba hatuna habari ya kuwapa.

Lipo jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Kila Jumapili mama yule alikuwa akinishika mkono mlangoni na kuniambia sehemu ya mahubiri ambayo hakuielewa. Siku hizi wote mnaniambia, "Mahubiri mazuri, mchungaji," nami nawashukuru, na narudi nyumbani nikiwa sina hakika. Namkosa sana. Ukiwa na neno kama lake, niambie, tafadhali.

Kesha la Krismasi ni Jumanne tarehe 24 kuanzia saa tatu usiku. Ibada ya Krismasi ni Jumatano saa tatu asubuhi, na ubatizo wa watoto utakuwa ndani ya ibada hiyo. Baada ya hapo akina mama watapika chakula cha wote, na mafundi wa Kamukunji nimewaalika pamoja na familia zao, kwa hiyo mwenye nafasi alete kilo moja ya mchele au ngano ofisini kabla ya Jumatatu. Kesha la kufunga mwaka ni tarehe 31, pia saa tatu usiku.

Mungu awabariki, awalinde, na awape amani.

Mchungaji wenu,
Eastlands, Nairobi