Barua ya Astoria: Ninakokimbilia na Ninakokula

Astoria, Queens, New York
14 Desemba 2025

Kwa Kaka Shabani,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka, na umfikishie Mama shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi inaendelea, baridi imeingia, na zaidi ya hayo sina la kueleza juu ya hali yangu.

Ama baada ya salamu, nimeyasikia yaliyosemwa kwenye kikao cha nyumba ya Makorora, huko Tanga. Nimeambiwa kwamba Shangazi Mwanaidi alitoa simu mbele ya watu wazima, akaonyesha picha zangu za kukimbia na za sahani za chakula, kisha akauliza ni mtoto gani huyu anayezurura barabarani na kula hotelini ilhali paa la marehemu baba yake linavuja. Wewe ulikuwepo, kaka. Wewe ndiye uliyezipokea fedha za bati nilizotuma kabla ya Ramadhani, na unajua zilikwenda wapi na kwa dharura gani, nami sikukulaumu wala sikudai hesabu. Maneno ya Shangazi hayakunichoma sana, kwa kuwa yeye alisema alichokiona. Kilichonichoma ni kwamba mwenye jibu alikuwa amekaa palepale na akanyamaza. Kwa hiyo nimeamua kulijibu swali hilo mwenyewe, kwa maandishi, ili umsomee Shangazi ajue ninakokimbilia, ninakokula, na ninachokilipa.

Nianze na kukimbia, maana ndiko kunakosemwa zaidi. Ninakaa karibu na 30th Avenue, na nikitoka zamu ya usiku siwezi kulala moja kwa moja. Mtu aliyekesha akiwageuza wazee vitandani huwa amechoka mgongo tu, kichwa bado kiko macho. Ninabadili nguo, ninafunga raba, ninateremka hadi Astoria Park. Hiyo ni bustani ya umma yenye ukubwa wa karibu ekari 60, iliyolala kando ya maji, na juu yake yanapita madaraja mawili: kusini lile la magari la Triborough, lililofunguliwa mwaka 1936, na kaskazini lile la reli la Hell Gate, ambalo treni zilianza kulipita mwaka 1917. Hakuna tiketi wala mlinzi wa kukuuliza unatoka wapi. Raba zenyewe ni za toleo la mwaka uliopita, ambazo maduka huziuza kwa bei ya kutupa toleo jipya likishaingia.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni Shore Boulevard, barabara inayofuata ukingo wa maji kutoka daraja moja hadi jingine. Maji yanayopita hapo ni ya chumvi, mkono wa bahari unaounganisha bandari ya New York na maji ya Long Island, kwa hiyo yanakupwa na kujaa, na siku za bamvua utayajua bila kuangalia kalenda. Chini ya Hell Gate mkondo unagongana na mkondo; maji yanajizungusha, yanavimba na kufanya vilima vidogo, kisha yanajifuta, na boti linalosukuma tishari la mzigo linanguruma muda mrefu mahali pamoja kabla halijapenya. Mara nyingi ninasimama pale kuangalia mpaka jasho linapoa. Mtu aliyekulia Raskazone, kando ya bahari ya Tanga, hapiti maji ya namna ile bila kuyatazama. Nikishavuta pumzi, ninapanda mteremko wa nyasi kuelekea 19th Street, ninashuka, ninapanda tena. Mteremko huo ndio ulionijengea mapafu.

Karibu na daraja la Triborough pana kiwanja cha riadha chenye duara la mita 400, nacho pia ni bure. Alfajiri utawakuta wazee wa Kigiriki wakitembea njia ya nje huku wakibishana, akina mama wa Kibengali waliojifunika shali, na vijana wanaokimbia kwa saa mkononi. Ndani ya bustani hiyohiyo kuna bwawa la kuogelea lililofunguliwa mwaka 1936, ambamo mwaka huo na tena mwaka 1964 walichaguliwa waogeleaji wa Marekani wa kwenda Olimpiki. Wakati wa kiangazi mji unalifungua kwa watu wote bila malipo. Ile picha yangu ya majini, ambayo Shangazi aliidhania ya hoteli ya kitalii, ilipigwa humo.

Sasa ninakuja kwenye jambo ambalo nataka Mama alisikie vizuri, na ukiweza umsomee mara mbili. Tarehe 2 Novemba nilikimbia marathoni ya New York, kilomita 42 na mita 195, nikaimaliza chini ya saa nne. Nafasi hiyo niliitafuta kwa miguu: chama cha wakimbiaji wa mji huu kina utaratibu kwamba mwanachama akikimbia mashindano tisa ndani ya mwaka na kujitolea kufanya kazi katika shindano moja, mwaka unaofuata anahakikishiwa nafasi. Nilikimbia yote tisa, na siku ya kujitolea nilisimama kwenye baridi nikiwagawia wengine vikombe vya maji. Ada niliilipa kwa saa za ziada za kazi, na hakuna mwezi hata mmoja ambao dawa za Mama zilichelewa kwa sababu hiyo. Wewe ni shahidi.

Mbio hizo zinaanzia Staten Island, zinapita Brooklyn, na ukifika daraja la Pulaski umekwisha nusu ya safari na unaingia Queens. Nilipoteremka daraja hilo na kukanyaga Vernon Boulevard nilihisi nimefika kwangu, kwa kuwa barabara hiyo nimeikimbia kwenye mvua na kwenye theluji, nikianzia juu kabisa kwenye Socrates Sculpture Park, bustani ya sanamu iliyoanzishwa mwaka 1986 mahali palipokuwa jaa la taka. Wenzangu wa kazini walikuwa wamesimama kona ya kuelekea Queens Plaza na bendera ya Tanzania waliyoitafuta wenyewe. Baada ya hapo linakuja daraja la Queensboro, na juu yake hakuna watazamaji. Kelele zote zinakatika, zinabaki pumzi na soli za raba juu ya barabara, maelfu kwa maelfu, na mlima wa daraja hauishi. Pale ndipo nilipoanza kusoma Ayatul Kursi, na pale ndipo nilipomkumbuka Baba, jinsi alivyokuwa akitusimulia habari za Juma Ikangaa aliyeshinda mbio hizi mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, rekodi ya mbio hizo kwa wakati ule. Mtanzania yule alivuka daraja lile akienda kuishinda dunia nzima. Mimi nililivuka nikiwa katikati ya umati, lakini nililivuka. Septemba, Alphonce Simbu alipoitwaa dhahabu ya dunia kule Tokyo kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, nilikuwa njiani kwenda zamu, nikashangilia kituo cha treni peke yangu mpaka watu wakageuka. Nilitamani Baba angekuwepo nimpigie simu. Nishani yangu iko ukutani, na siku nitakayokuja ataivaa Mama, si mimi.

Ama kuhusu hotelini. Sahani ya gharama kuliko zote alizoziona Shangazi ni ile ya pweza, nayo ni ya Taverna Kyclades, nyumba ya chakula ya Kigiriki iliyoko Ditmars Boulevard, ambako watu hupanga foleni nje hata kwenye baridi. Sikuilipia mimi. Wenzangu walichanga siku ya marathoni, wakaniketisha, wakaagiza. Pweza analetwa mkono mzima mzima, amechomwa mpaka ncha zimekuwa nyeusi na vikombe vyake vimekauka, lakini kisu kikipita unaona ndani mweupe na laini, na juu yake wamekamulia limao na kumwaga mafuta ya zeituni, basi. Hana nazi wala pilipili. Nimekula pweza tangu sijaota meno yote, na ninasema kwa haki kwamba watu hawa wanajua kumlainisha.

Pahali pangu mwenyewe pa samaki ni kwingine, Astoria Seafood, upande wa kusini kuelekea Long Island City. Huko unaingia kama unaingia soko la samaki la Deep Sea kwetu Tanga: samaki wamelala juu ya barafu, unachagua kwa mkono wako, unamtia kwenye mfuko, anapimwa, kisha unasema umchomewe au ukaangiwe, unakaa kungoja. Ninafungua matamvua kwanza, ninabonyeza tumbo, ninaangalia jicho, kama Mama alivyotufundisha, na kuna samaki mmoja anayefanana na changu ambaye ndiye ninayemchukua siku zote. Anatoka jikoni ngozi inapasuka kwa kukaanga. Ninamla kwa vidole, na watu wa meza ya jirani nao wanamla kwa vidole.

Siku ya Ijumaa ninakwenda Mtaa wa Steinway, kile kipande kati ya Astoria Boulevard na 28th Avenue ambacho ni cha Waarabu, hasa Wamisri. Msikiti wa Al-Iman uko hapohapo. Nikitoka kuswali ninakula koshari: wali chini, dengu, makaroni, mbaazi za Kiarabu, sosi ya nyanya yenye siki na kitunguu saumu, na juu kabisa vitunguu vilivyokaangwa vikakauka mpaka vinalia mdomoni. Hakina nyama, kinashibisha mpaka zamu ya usiku iishe, na bei yake haifiki malipo ya saa moja ya kazi yangu. Halafu ninavuka barabara kwa Wayemeni kunywa chai ya Adeni, ya maziwa na iliki, iliyochemshwa kwa subira. Kikombe hicho kimoja ndicho anasa yangu ya wiki. Nikiwa na njaa ya biriani ninashuka 36th Avenue kwa Wabengali; si biriani letu, lakini lina ukali unaostahili.

Haya ndiyo yote, kaka. Picha zote zimetoka katika mitaa ambayo mtu anaimaliza kwa kukimbia asubuhi moja, na sehemu kubwa ya raha iliyomo ndani yake haina bei. Napenda Shangazi aelewe kwamba bila ile barabara ya kando ya maji na ile sahani ya Ijumaa nisingeweza kuikaa nchi hii, na kama nisingeikaa, hakuna ambacho kingetumwa. Mwezi wa Ramadhani ninakimbia jioni, ninafika Steinway wakati wa futari, ninakuta tende na supu zimeandaliwa na kila mtu anakaribishwa, na bado ninapofungua kinywa ninatamani mihogo ya nazi ya Mama na uji wa pilipili manga. Hapa nazi ni ya kopo. Mambo hayo siyapigi picha, ndiyo maana hakuna anayeyajua.

Sasa paa. Leo nimelipa bati za geji 28 za upande wote wa nyuma, pamoja na kofia na misumari yake, moja kwa moja kwenye duka la vifaa vya ujenzi ulilonitajia, na stakabadhi nimeiambatisha na barua hii. Fedha ya fundi nitaituma atakapokuwa ameziangalia kenchi na kuniambia ngapi zimeoza, kwa maana hakuna faida ya kupigilia bati jipya kwenye mbao iliyokufa. Mchango wa harusi ya Rehema utafuata paa likishaezekwa, sio kabla. Nawe, kaka, ninakuomba kwa heshima zote: kikao kijacho simama, useme mbele ya Shangazi na wale wote waliokuwepo kwamba fedha za kwanza zilitumwa na zilifika mkononi mwako. Usieleze zilikokwenda, hilo ni letu sisi wawili. Sema tu kwamba zilifika. Ukilisema hilo, kwangu jambo hili limekwisha, na sitalirudia kwa barua wala kwa simu.

Zuhura ameniandikia kwamba amechaguliwa mita 1500 za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na kwamba anafanya mazoezi pekupeku. Nimempa msafiri raba za namba 38, atawasili Tanga wiki ya kwanza ya Januari. Umpe yeye mwenyewe, na umwambie asizivae shuleni. Ni za kukimbilia tu. Alfajiri akimbie barabara ya Raskazone, akishika upande wa bahari, na mtu mzima amfuate kwa baiskeli mpaka kupambazuke.

Wasalaam,

Mdogo wako,
Athumani