Malalamiko: upanga wa Kijapani mlioniuzia kuwa wa karne ya 16, na maneno niliyotupiwa mezani kwenu

Leicester,
14 Aprili 2025

Kwa Meneja,
Mauzo ya Maonyesho.

YAH: KURUDISHIWA PAUNI 1,850 ZA UPANGA ULIOANDIKWA "BIZEN, KARNE YA 16"

Bwana Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, na heshima hiyo nimeitafuta siku nane nzima ndipo nikashika kalamu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza nilishasema na sikusikilizwa. Tafsiri aliyoifanya binti yangu imo ndani ya bahasha hii hii.

Masharti yenu ya siku kumi na nne za kulalamika mnayajua, mmeyachapa wenyewe nyuma ya risiti, kwa hiyo sina haja ya kuyanakili. Mimi nilitoa taarifa siku ya pili baada ya kununua, wala sikungoja ya kumi na nne. Barua pepe yangu ya 11 Machi mnayo, na jibu lenu ninalo: nije na upanga kwenye onyesho lijalo, utatazamwa. Onyesho lijalo lilikuwa 6 Aprili. Nikaja. Muuzaji wenu alitazama risiti, upanga hakuutazama, akasema siku kumi na nne zimepita. Nilipomwonyesha jibu lenu kwenye simu, akasema ya ofisini yaulizwe ofisini. Kisha akauchomoa upanga alani, akacheka, na mbele ya watu akaniambia: "Hili si panga la kufyekea huko kwenu, bwana."

Hilo nitalirudia. Kwanza upanga wenyewe.

Kibandiko kilisema ni kazi ya fundi Sukesada wa Osafune, kijiji cha wafua panga katika jimbo la kale la Bizen, Japani. Najua kwamba jina la Sukesada walilitumia wafua chuma wengi wa Osafune, na najua limeghushiwa tangu zamani. Wajapani wana neno lao kabisa kwa saini ya uongo: gimei. Kwa gimei peke yake nisingepoteza stempu. Upanga wa kale wenye saini ya uongo bado ni upanga wa kale, bei yake inashuka, mambo yamekwisha. Siku ya kununua nilimuuliza muuzaji wenu kama una cheti cha NBTHK, kile chama cha Japani kilichoundwa mwaka 1948 ambacho vyeti vyake ndivyo vinavyoaminika kwenye biashara hii. Akajibu vyeti ni vya watu wasioamini macho yao.

Macho ninayo. Alichonikataza ni kuyatumia. Nilimwomba avue mpini nione nakago, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, kwa maana saini iko pale na umri wa upanga unasomwa pale. Ni kazi ya nusu dakika: kijiti kimoja cha mwanzi kinachoshikilia mpini, kinyundo kidogo cha shaba. Meza ya jirani yenu mzee mmoja alinivulia wake hata sijamwomba, akanigeuzia upanga makali yakimwelekea yeye. Muuzaji wenu akasema kijiti kimeganda tangu enzi za vita, ukikigonga mpini utapasuka. Ilikuwa 9 Machi, katikati ya Ramadhani, saa tisa alasiri, koo limenikauka. Nikamwamini. Nikalipa.

Nyumbani kijiti kilitoka kwa pigo la pili. Kijiti kilichoganda tangu enzi za vita kilikuwa cheupe kama cha mshikaki.

Ndani nikakuta kutu. Kutu ya nakago ya kale huwa nyeusi au hudhurungi iliyokolea, imetulia, haishiki mkono, na mwenye upanga haisugui hata siku moja kwa sababu ukiisugua umefuta umri. Hii yenu ilikuwa nyekundu na ikabaki kwenye dole gumba langu kama udongo wa shamba. Nikatazama saini. Ndani ya mikwaruzo ya tindo chuma kinang'aa. Sasa nieleze wewe, Bwana Meneja: miaka mia nne kutu ile ikala chuma chote pembeni, ikafika kwenye herufi ikapiga hodi, ikaona haya kuingia? Tundu la kijiti nalo limenyooka, mviringo kamili, kazi ya keekee ya umeme. Na yale mawimbi kwenye makali, hamon, ya kweli huzaliwa upanga uliopakwa udongo unapotoswa majini ukiwa wa moto, na ukiuinamisha chini ya taa unaona chembechembe zinametameta kama umande. Nimeinamisha hadi shingo ikauma. Ni mstari mweupe tu, wa tindikali, kama uliochorwa kwa chaki.

Na mafuta. Alinipa kichupa, zawadi, akasema ni choji halisi ya kupakia panga. Choji ni karafuu. Mimi nimezaliwa Wete, Pemba. Nimechambua karafuu kabla sijajua kusoma, nimezianika majamvini, nimezilalia. Kichupa kile kinanuka cherehani.

Nilimpelekea mtu ambaye kazi yake ni kunoa na kung'arisha panga za Kijapani. Aliushika haikutimia dakika. Maandishi yake nimeyaambatanisha: ni wa kiwandani, wa juzi juzi, umezeeshwa kwa dawa. Nilimlipa pauni 60, na alizipokea kwa huruma.

Mnajua kuliko mimi maana ya jambo hili hapa Uingereza. Tangu 2008 upanga uliopinda wenye urefu wa sentimita 50 na zaidi hauruhusiwi kuuzwa, isipokuwa uwe umetengenezwa kabla ya 1954 au umefuliwa kwa mkono kwa njia za jadi. Huu una sentimita 68. Tangu 2021 hata kukaa nao ndani ya nyumba yako ni kosa kama hauna sifa hizo. Yaani nimetoa pauni 1,850 nikanunua kesi, nikapanda nayo treni mara tatu, nimeitia kufuli kwenye mfuko kama muungwana.

Ninachodai, basi, ni pauni 1,850, pauni 60 za mkaguzi, na pauni 38 za nauli, ndani ya siku kumi na nne. Sheria ya haki za wateja ya 2015 inanipa siku thelathini za kukataa bidhaa isiyolingana na ilivyoelezwa. Siku ya ishirini na nane nilikuwa nimesimama mbele ya meza yenu.

Na hapo mezani ndipo ninapokwama kila nikijaribu kufunga barua hii.

Sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mwanangu, ana miaka kumi na miwili, ndiye aliyebeba mfuko. Tulikuwa tumefanya mazoezi sebuleni, kwa rula: makali yatazame juu, usiguse chuma kwa kidole, usizungumze juu ya upanga kwa sababu pumzi inaleta kutu, na usishike cha mtu bila kuomba. Alikuwa ametia kitambaa safi mfukoni kwa ajili hiyo. Muuzaji wenu aliuchomoa upanga kwa mkono mtupu na kupitisha dole gumba juu ya chuma, kutoka chini mpaka nchani. Alama ya jasho ikabaki, nimeiona, mtoto ameiona, akanitazama akingoja niseme kitu. Muuzaji akamgeukia mwenzake: "Kaenda kuufumua nyumbani kwa nyundo." Wakacheka wote wawili. Ndipo akaniambia, si kwa kunong'ona, kwa sauti iliyomfanya mzee wa meza ya pili ainue kichwa: "Hili si panga la kufyekea huko kwenu, bwana." Akaurudisha alani nusu nusu, akanisukumia ncha ikiwa mbele, kuja tumboni kwangu, na uso wa mwanangu ulikuwa usawa wa kiwiko changu. Kisha akatazama juu ya kichwa changu akasema, "Anayefuata?"

Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Bahati yake Ramadhani ilikwisha wiki moja kabla, la sivyo ningesema nilinyamaza kwa ajili ya swaumu. Nilinyamaza kwa ajili ya mtoto. Ndani ya treni akaniuliza kama panga ni kitu cha aibu kwetu. Nikamwambia babu yake alikuwa na panga moja, mpini umefungwa mpira wa baiskeli, na kwa panga hilo alisafisha shamba la mikarafuu lililonisomesha mimi hadi nikafika huku. Akasema, "Ungemwambia yule mtu." Ameniambia hivyo mara mbili tangu siku ile.

Kwa hiyo zile siku kumi na nne nilizoandika hapo juu nazifuta. Ziwe saba. Pesa zije zote kwa mkupuo, sitaki vocha wala kubadilishiwa na upanga mwingine wa kwenu. Na nataka barua ya kuomba radhi, iandikwe na yeye mwenyewe, si na ofisi, ianze kwa jina la mwanangu, langu lifuate. Jina lake liko kwenye fomu niliyoambatanisha.

Ikifika 21 Aprili sijapata vyote, nitafungua madai kwenye mahakama ya madai madogo, na nakala za haya yote zitakwenda kwa maofisa wa halmashauri wanaosimamia haki za wateja, na kwa waandaaji wa onyesho waliowakodisha meza. Upanga nitaukabidhi polisi, risiti yenu nimeibana juu yake kwa pini. Wakiuliza nimeupata wapi nitawajibu. Onyesho lenu lijalo nitakuwepo pia. Sitagusa kitu. Nitasimama hatua tatu kutoka mezani kwenu na picha ya ile nakago, na kila atakayeambiwa kijiti kimeganda nitamwonyesha.

Kwa sasa upanga uko juu ya kabati chumbani, umefungwa kwa kanga ya mke wangu ambayo ameshaisamehe. Sijaupaka yale mafuta. Mkitaka kuuchukua, mlete pesa na barua kwa mkono, baada ya saa kumi na moja jioni, nikiwa nimerudi kazini na mtoto yupo nyumbani. Yule muuzaji msimtume, labda awe amekuja na barua yake.

Wenu,
Mteja wa 9 Machi