Tuache kuwaambia watoto dawa ni pipi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Kila mtu anasema watoto wadogo wafundishwe kujihadhari na vitu vya sumu, sawa kabisa, ila mi naona tushawafundisha tayari na tumewafundisha vibaya. Mtoto akigoma dawa tunamwambiaje? "Kunywa mwanangu, pipi hii, tamuu." Siku akiikuta chupa ya sirapu mezani akaimaliza yote tunabaki kuulizana kapata wapi akili hiyo.

Mimi yalinikuta. Mwanangu alikuwa na miaka miwili na kidogo, akanywa mafuta ya taa niliyoyamimina mwenyewe kwenye chupa ya soda, sasa yeye chupa ile anaijua ni ya soda, angejuaje? Watu wakajaa, huyu kaleta maziwa, yule anataka atiwe kidole atapike, tukakimbia naye hivyo hivyo hospitali na nesi akasema afadhali hamkumtapisha, maana mafuta yakipanda tena ni rahisi kuingia kwenye mapafu na hapo ndo hatari yenyewe. Alipona, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo kitu kinakaa kwenye chombo chake kilichokuja nacho, juu, kabatini, na kufuli.

Ile alama ya fuvu na mifupa kwa mtoto wa miaka mitatu haimwambii kitu. Marekani huko mwaka 1971 hospitali ya watoto ya Pittsburgh ilitengeneza stika ya uso wa kijani uliokunjamana ulimi nje, kwa sababu fuvu watoto walikuwa wanalihusisha na maharamia. Wazo zuri, lakini stika haifungi kabati, na hata vile vifuniko vigumu vinamchelewesha tu mtoto, akipewa muda anafungua.

Kwa hiyo mi nafundisha kitu kimoja tu: kama hujapewa na mkubwa unayekaa naye, usitie mdomoni, lete uulize. Hakuna haja ya kumkaririsha majina ya sumu, hatayamaliza. Unazunguka naye nyumbani unamwonyesha, hii ni ya kufulia, hii ya panya, hii dawa ya bibi, tunagusa? hatugusi! Na unarudia kila siku kwa sababu wanasahau.

Halafu jamani tusiwapige wakisema ukweli. Mtoto anayeogopa fimbo akimeza kitu ananyamaza, na vitu vingine havisubiri, zile betri ndogo bapa kama kifungo zikikwama kooni ndani ya saa 2 tu zinaweza kuwa zimeshaunguza vibaya, sasa wewe unakuja kugundua jioni. Akikwambia nimemeza, muulize nini, beba na chupa au pakiti yake, nendeni hospitali, hasira baadaye.

Walimu wa chekechea nawaomba na nyie mlishike hili, wanawasikiliza nyie kuliko sisi.

Juzi mdogo wake yule, ana miaka mitatu, kaokota kidonge chini ya kitanda akaniletea kiganjani, "mama hii nini?" Nilimkumbatia mpaka akashangaa. Kilikuwa cha presha, cha bibi yake.

Ni mimi,
Mama wa watoto watatu