Michango ya saratani ya ubongo kwa watoto ifike pia kwenye utafiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikaa moyoni, nalo ni namna tunavyochangishana fedha kwa ajili ya watoto wenye saratani ya ubongo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbale. Darasani kwangu alikuwapo msichana wa miaka saba ambaye kila asubuhi alifika akilalamikia kichwa na kutapika nje ya mlango, kisha ifikapo saa nne akawa mzima kabisa, anacheza. Zahanati moja ilimtibu malaria mara tatu. Mimi mwenyewe niliuona mwandiko wake ukianza kuiacha mistari, nikamwona akitembea kwa kushika ukuta, nisijue kwamba hizo ni dalili za uvimbe ulioota nyuma ya ubongo, mahali panapotuwezesha kusimama bila kuyumba. Alipokuja kupigwa picha ya kichwa, uvimbe ulikuwa umekwisha kuziba njia ya maji ya ubongo.

Watu walitoa. Waendesha bodaboda wa steji iliyo karibu nasi walipitisha ndoo, akina mama wa sokoni wakaleta noti za elfu moja moja zilizokunjwa mara nne, nami nikaandika jina la kila mmoja katika daftari. Tulilipa vipimo, upasuaji na nauli za Kampala. Tulimzika mwezi wa Februari.

Tangu hapo nimejiuliza kwa nini ndoo zetu hupita mtoto akishaugua tu. Nikitaja utafiti, naambiwa kwamba hiyo ni kazi ya nchi tajiri. Sikubaliani hata kidogo, kwa sababu historia yetu wenyewe inasema vingine. Ni hapa Uganda, mwaka 1958, daktari Denis Burkitt alipoandika kuhusu uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto, akawa anawauliza kwa barua madaktari wa hospitali za mbali kama nao wanauona, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari hadi kusini mwa Afrika kufuatilia jibu. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago jijini Kampala, ilianzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya saratani hiyohiyo, na dawa zilizojaribiwa pale zilionyesha dunia kwamba inatibika. Kazi hiyo ilianza kwa kuuliza na kuandika majibu kwa uangalifu.

Saratani za ubongo za watoto zinahitaji uangalifu wa namna hiyo. Medulloblastoma, saratani inayoota nyuma ya ubongo na ndiyo iliyompata mwanafunzi wangu, ina makundi yasiyofanana, na mengine hutibika vizuri kuliko mengine. Mionzi inayouua uvimbe humdhuru ubongo mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kwa hiyo madaktari huikwepa kadiri wawezavyo. Tutajuaje watoto wetu wanaugua kundi lipi, na walichelewa wapi njiani, ikiwa sampuli ya uvimbe haihifadhiwi na mtoto hafuatiliwi akirudi kijijini? Shirika la Afya Duniani liliweka lengo mwaka 2018 kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone, na kati ya saratani sita zilizopewa kipaumbele, mojawapo ni ya ubongo.

Mtu asinielewe vibaya: mgonjwa aliye kitandani atangulie. Ninachopendekeza ni kwamba katika kila mchango, uwe wa kanisani, msikitini au wa mbio za hisani, shilingi moja kati ya kumi itengwe kwa utafiti wa saratani za ubongo za watoto: kuandikisha wagonjwa, kuhifadhi sampuli, kuwafuatilia.

Daftari bado ninalo. Zilibaki shilingi laki tatu na arobaini elfu, na wachangaji wote niliowafikia wamekataa kurudishiwa. Tunawaomba wahusika wa Mulago watueleze kupitia ukurasa huu ni ofisi gani itakayopokea fedha hizo kwa kazi hiyo na kutupa stakabadhi.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Mbale