Mavyaa ananiletea nyama ya kasa, nami nanyonyesha

Assalaamu alaykum Shangazi,

Nakuandikia kutoka kusini mwa Pemba. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka sita na mdogo bado yuko ziwani. Mume wangu mvuvi, huenda dago, kambi ya wavuvi, wiki kadhaa, na akiwa hayupo tunakula kwa mavyaa wangu, nyumba ya pili kutoka kwangu.

Tatizo letu ni kasa. Shemegi yangu anatega jarife, ule wavu mkubwa, na kasa akinasa harudishwi baharini. Huchinjwa usiku, maana sheria inakataza, na asubuhi jamaa wanagaiwa kimya kimya. Mara ya mwisho mavyaa aliniletea mwenyewe bakuli la mchuzi wa nazi, limefunikwa kawa, akaniambia nile maziwa yajae.

Shangazi, naogopa, na siogopi bure. Novemba 2021 walikufa watu saba hapa hapa Pemba kwa kula kasa, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Machi 2024, Kisiwa Panza, wakafa tisa, wanane kati yao watoto, na wengine 78 wakapelekwa hospitali. Huyo mtu mzima mmoja alikuwa mama wa mtoto aliyemtangulia.

Sumu yenyewe haionekani. Wataalamu wanadhani kasa huipata kwenye mwani mdogo mdogo anaokula. Yeye haimdhuru, nyama haibadiliki rangi wala harufu, na hata uipike mpaka ichambuke haiondoki. Ndiyo maana mtu hula kasa miaka na miaka akawa salama, kisha mmoja akamuua. Huanza kichefuchefu na kutapika, midomo na koo vinawaka, ulimi unatoka vidonda, kumeza kunakuwa taabu. Ikizidi, mgonjwa analemewa na usingizi mpaka anapoteza fahamu. Yote hayo yanaweza kuanza baada ya saa chache au baada ya siku kadhaa, wakati sufuria imeshaoshwa na kila mtu kasahau. Dawa ya kuivunja sumu hii haipo. Na inapita kwenye maziwa: wapo wachanga waliokufa kwa kunyonya tu, na mama mwenyewe hata hakuumwa sana.

Bakuli lile sikulila, nilisema tumbo linanisumbua. Lakini udhuru wa tumbo hauwezi kuwa wa kila siku, na mwanangu mkubwa haumkingi, kwani anakula sinia moja na watoto wa ami yake. Nilipojaribu kusema wazi, mavyaa alinijibu: "Tumekula tangu enzi za wazee wetu, mbona hatukufa? Au waona nakulisha sumu?" Wifi zangu wakasema najidai msomi. Nikanyamaza. Mavyaa ananipenda kweli, ndiye aliyenilea uzazini siku zote arubaini, na kumwona amenuna kunaniuma.

Mume wangu kwenye simu aliniambia nisimvunjie mama yake heshima, akirudi atazungumza naye. Alirudi, akaondoka tena, neno hakusema.

Wako wanaonishauri niende kwa sheha. Nikienda, shemegi atakamatwa na kila mtu atajua habari imetoka kwangu. Ndoa yangu nahofia haitasalimika. Nisipokwenda, jarife litaendelea kutegwa, na wanaolishwa nyama ile si wanangu peke yao, ni watoto wa mtaa mzima.

Nimefikiria kumwomba daktari wa kituo chetu cha afya aje azungumze na kina mama bila kunitaja. Au nianze na bavyaa, ambaye ni mtu wa msikitini na maneno yake mkewe huyasikiliza? Na huyu wangu wa miaka sita nimfundishe kusema nini, ili aikatae nyama ile hata nikiwa sipo, bila ya kumkosea adabu bibi yake?

Nijibu mapema, tafadhali. Jarife liko majini hata sasa.

Mama wa wawili,
Pemba